Wakili wa wazee Unguja na Pemba: mteja wangu ni bi mkubwa, si aliyempakia kwenye gari

BiWakili_Ngambo (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana ukumbi. Tokea ule uzi wa mirathi watu wamenijazia inboksi, "dada kwani kesi za mahoteli huzioni mpaka ukahangaike na vikongwe", bas nimeona nifungue uzi wangu niseme mara moja kuliko kumjibu kila mtu mbali mbali. Na neno vikongwe tuliwache, mtu mzima ana jina lake.

Mie ni wakili, nakaa Unguja lkn Pemba nakwenda sana, na miaka mingi sasa sehemu kubwa ya mafaili yangu ni ya watu wa sabini na kwenda juu. Nyumba, mashamba, mikarafuu, mirathi ambazo hazijafunguliwa tokea mwenye mali kafa na wajukuu washaoa, mjane anaetolewa nyumbani, pencheni. Sikuanza kwa huruma sitowadanganya. Nilianza kwa sababu ya makaratasi. Kila nikifungua faili la kesi ya ardhi nakuta ndani yake karatasi moja imechapwa vizuri, Kiswahili cha mahakamani kimenyooka, "mimi niliyetajwa hapo juu nikiwa na akili timamu na bila ya kushurutishwa na mtu yeyote", na chini yake pana dole la wino la mtu ambae hajui kusoma, au alikua anajua lkn macho yana mtoto wa jicho siku nyingi. Mashahidi wawili, na wote wawili ukiwachimba ni watu wa anaepewa. Mzee mwenyewe hana hata shahidi mmoja kwenye karatasi yake mwenyewe!

Ninachotaka kusema ni hichi. Kazi yote hii inaanzia kwenye suali moja tu, mteja nani? Mana mzee haji peke yake, analetwa. Aliyemleta ndie mwenye gari, ndie aliyepiga simu, ndie atakaelipa, na mara nyingi ndie atakaefaidika na ile karatasi. Na wakili mwenye njaa atamsikiliza mwenye gari.

Nitoe mfano, mambo nimeyageuza asijulikane mtu. Kijana kamleta mamaake anataka hati ya hiba ya nyumba, yn mama ampe nyumba bure yungali hai. Mama kakaa kajitanda vizuri, mimi nauliza kijana anajibu. Bi mkubwa unaitwa nani? Kijana. Nyumba mliijenga lini? Kijana. Una watoto wangapi? Kijana, na hapo akakohoa kidogo. Nikamwambia mwanangu hebu katuchukulie urojo hapo nje mie na mamaako njaa inatuuma. Akasita lkn akenda, atafanyaje. Mlango ulipofungika nikamuuliza, mama leo umekuja kufanya nini kwangu? Akanambia nimekuja kutia dole la pencheni. Yn yeye anajua anakwenda kutengenezewa Pencheni Jamii, ile pesa ya serikali ya kila mwezi ya wazee, habari ya nyumba hana! Kijana karudi na urojo nikamwambia hiba leo haipo. Urojo tuliula lakini.

Sasa huyo kijana si jambazi, nataka mlielewe hilo. Anamuuguza mamaake yeye peke yake, ndugu zake wengine wako Dar na Tanga hawatumi hata shilingi, anaona nyumba ikija kugaiwa na wao watapata sawa na yeye. Ana hoja. Lkn hoja yake si ruhusa ya kumdanganya mama. Kwa iyo mwenye suali aulize, nitajibu nikipata nafasi, mahakamani ukikaa kusubiri kuitwa kuna nafasi tele.

Mwanafunzi_Tunguu

Dada wakili mashallah, mie niko mwaka wa tatu sheria. Suali langu samahani ni la njaa, unakula wapi? Mana kila mtu darasani kwetu anasema mikataba ya wawekezaji, Paje, Jambiani, Nungwi, huko ndo kwenye pesa. Hakuna hata mmoja niliyemsikia anasema nataka kuwatetea wazee. Na mwalimu wetu akiitaja sheria ya wazee ya 2020 anaitaja kwa dakika mbili halafu tunarudi kwenye mikataba.

Mpemba_wa_Konde

Dada umegusa pabaya. Huku kwetu nyumba si tatizo sana, tatizo mikarafuu. Bibi yangu mzaa mama ana mikarafuu yake kaachiwa na babaake na imo kwenye shamba ambalo ardhi yake ni ya watu wengine, yn miti yake ardhi si yake, wazee wa zamani walikua wanajua tu huu wa fulani ule wa fulani hakuna karatasi. Sasa msimu ukifika mjomba ndie anaechumisha, ndie anaeanika, ndie anaepeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na pesa anahesabiwa yeye. Bibi analetewa kipolo cha mchele na doti ya kanga. Akiuliza anaambiwa mwaka huu hazikuzaa, na hapo karafuu zimeanikwa majamvini mtaa mzima unanukia! Sasa utamshtaki vipi mtu kwa harufu?

Sheha_Mstaafu

Mwanangu nakusalimu, kazi yako nzuri lkn mimi nina neno. Nimeshika shehia, yn uongozi wa mtaa, muda mrefu na hayo yote unayoyasema yalikua yakija kwangu nayamaliza barazani baada ya sala ya alasiri. Unamwita kijana, unamwita mzee, unamwita imamu wa msikiti na mtu mzima mmoja wa ukoo, watu wanasema, wanalia, wanasameheana. Nyinyi mawakili mnampeleka mama mahakamani Mwanakwerekwe akasimame upande mmoja na mwanawe upande wa pili, akirudi nyumbani nani atamchotea maji ya kukoga? Wewe? Wewe ushachukua ada yako umeshaondoka. Mzee anataka haki lkn anataka na mtu wa kumkorogea uji. Kesi ikiingia mlangoni udugu unatoka dirishani.

Bint_Gulioni

Mzee sheha umenikuna hapo kwenye uji. Nasubiri jibu la wakili 😅

BiWakili_Ngambo

Shikamoo mzee wangu sheha. Kwenye uji sikubishii hata kidogo, na ndo mana mafaili yangu mengi hayafiki mahakamani, yanaishia kwenye barua na kikao. Lkn baraza lako lina kitu kimoja na wewe unakijua. Mzee anaulizwa mbele ya yule yule anaemkorogea uji. Mbele ya watu, mbele ya imamu, anaambiwa haya mama sema. Atasema nini? Atasema nimesamehe. Mie nimewakuta wamesamehe barazani mara ngapi sijui na nyumba ikenda, na usiku wanalia. Mkalishe kwanza peke yake, hata robo saa, wewe na yeye na mtu mzima mwenziwe mwanamke kama ni mama, halafu ndo uite watu. Akikwambia peke yake nimesamehe bas kasamehe, hapo na mie sina kesi.

Na jengine mzee wangu usinikasirikie, yale makaratasi ya dole ninayoyasema, muhuri wa sheha mara nyingi umo. Si wako inshallah.

Sasa niingie kwenye hiba yenyewe mana wengi hawaijui na inawasaidia wazee kuliko wanavyodhani. Sie wengi hapa tunafuata madhehebu ya Shafi. Hiba ili isimame inataka mtoaji aseme natoa, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe kweli. Kukabidhiwa si karatasi tu. Kama mama bado anakaa mule mule, funguo zake, kodi ya mpangaji wa chini anapokea yeye, kadhi atauliza hiba gani hiyo ambayo aliyepewa hajakabidhiwa kitu. La pili, hiba aliyoitoa mtu akiwa kwenye maradhi aliyofia inahesabiwa kama wasiya, kwa iyo haipiti theluthi ya mali, na kama kampa mmoja katika warithi wake haipiti kabisa mpaka warithi wenziwe waridhie. Hizi karatasi za dole zinazotiwa kitandani wodini zinakufia hapo.

La tatu ndo kubwa. Mzazi anaweza kurejea katika hiba aliyompa mwanawe, mtu mwengine haruhusiwi ila mzazi anaruhusiwa, maadam kile kitu bado kimo mkononi mwa mtoto. Akishakiuza kwa mtu mwengine bas, mlango umefungwa. Sasa mnaona kwanini vijana wakishapata dole wanakua na haraka ya mnunuzi? Na mnaona kwanini mzee akija kwangu wiki ile ile nafanya kazi usiku, na akija baada ya miaka mitatu nabaki nauliza maswali ya huruma.

Mpemba wa Konde, mjomba hashtakiwi kwa harufu, kweli. Lkn bibi yako ana haki inayojulikana. Sheria ya ardhi ya 1992 yenyewe imekubali kwamba miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi, kwa iyo asitishwe na mtu kwamba ardhi si yako huna kitu. Fanyeni hivi kabla ya msimu. Nendeni na bibi shambani, kama hawezi kutembea mumbebe, aonyeshe mti mmoja mmoja, muwepo na jirani wa mpaka, na mwenye ardhi, na sheha, iandikwe mikarafuu mingapi na iko wapi, wote watie saini. Halafu bibi asichumishe kwa mjomba, aikodishe kwa msimu mmoja, mkataba, pesa anapokea mwenyewe kabla mchumaji hajapanda juu. Mjomba akitaka kuikodi karibu, alipe kama watu wengine. Kama hataki kukodisha bas siku ya kuuza na yeye awepo kituoni, akae kwenye kiti tu, asiseme kitu. Utaona mwaka huo karafuu zimezaa.

Mwanafunzi suali lako la njaa nitalijibu mwisho lina maneno mengi.

Mpemba_wa_Konde

😂😂 akae kwenye kiti tu. Wallah nitamwambia.

Maskati_Kwetu

Assalaam alaykum, mimi niko Oman, samahani naingia na jambo langu binafsi. Mama yuko Unguja, ana miaka zaidi ya themanini. Miaka ya nyuma alipokua mzima kabisa alimpa kaka yetu mkubwa uwakala, wa kihalali kwa mwanasheria, wa kusimamia nyumba na kila kitu. Sasa mama akili imekua inakuja inaondoka, mimi ananiita kwa jina la shangazi, wakati mwengine ananiuliza babaako karudi na baba kafa siku nyingi. Kaka kapangisha chini na juu, sasa anasema kuna mnunuzi tuuze tumpeleke mama India kwa matibabu. Nikimuuliza ananambia uwakala ninao karatasi halali mahakama inaitambua. Sisemi kaka mwizi. Ila sijui kama ana haki au la na simu hatusikilizani.

Ami_Dalali

Haya na sie madalali tuseme mana naona tunakuja kutajwa 😄 Mie nimeuza viwanja pwani ya kusini miaka, Makunduchi, Jambiani, Michamvi, na nakwambieni wazee wengine wanauza kwa mikono yao na akili zao, wanataka kwenda Makka, wanataka kujenga, kiwanja cha jiwe tupu mpunga haumei muhogo haumei, mwekezaji anatoa pesa hajawahi kuiona maishani mwake. Halafu wakishakula pesa watoto wanakuja juu baba alidanganywa baba alidanganywa. Watoto ndo wanaotaka kuuza mara ya pili! Na nyie mawakili ndo mnawafungulia kesi. Mzee akiwa na miaka sabini ndo kashakua mtoto mdogo? Hana haki ya kuuza chake?

BiWakili_Ngambo

Ami dalali leo umesema neno la maana nakupa haki yako. Ndo kosa la upande wa pili na lipo sana, watu wanaojifanya wanawatetea wazee halafu wanawafunga mikono. Mzee mwenye akili zake anauza anavyotaka, kwa bei anayotaka, hata kama watoto wote wamenuna. Nimeshawahi kusimama upande wa mzee anaeuza dhidi ya wanawe na nikashikilia mpaka mwisho. Umri si maradhi.

Lkn ami tuambizane ukweli, mzee anaeuza chake wewe unakwenda kwake mara ngapi kabla ya kutia saini na mtoto wake hayupo? Anajua ile ni kuuza au ni kukodisha? Mwekezaji wa nje hanunui ardhi hapa, ardhi yote ni mali ya umma chini ya serikali, anapewa ukodishaji, na tunachohamishiana sie wenyewe ni haki ya matumizi, na uhaulishaji, yn kumhamishia mtu mwengine haki hiyo, unapita kwenye bodi yake. Wazee wengi wanadhani wamekodisha miaka michache kitarudi. Na hizi eka tatu tatu zilizotolewa baada ya Mapinduzi miaka ya 60 na mwanzo wa 70 zilitolewa zilimwe, hazikutolewa ziuzwe, na kila siku nakutana na vipande vyake vimekatwa katwa vina mabango ya kiwanja kinauzwa. Mnunuzi wako nae anaumia ujue. Mkataba ukivunjwa mzee pesa kashazila, huna wa kumdai. Kwa iyo hata kwa faida yako wewe dalali, mlete mzee kwa wakili wake mwenyewe, si kwa wakili wa mnunuzi.

Dada au kaka wa Maskati, pole sana, na umeliandika kwa adabu. Nisikilize vizuri. Uwakala wa kawaida unasimama juu ya akili ya aliyeutoa. Akiondokewa na akili uwakala unaondoka, kwa sheria ya dini hivo hivo na kwa sheria ya mahakama zetu tulizoachiwa na Muingereza hivo hivo. Ile karatasi kaka aliyonayo ilikua halali siku ile, leo kama mama kweli hajitambui haimpi nguvu ya kuuza. Marekani wao wametengeneza uwakala wa aina nyengine unaoandikwa makusudi uendelee hata akili ikiondoka, na huko kutetea wazee ni fani kamili, chama chao cha mawakili wa wazee, National Academy of Elder Law Attorneys, kipo tokea 1987. Sie hapa mzee asipojitambua njia ni mahakamani mtu ateuliwe kusimamia mali yake, na huyo anawajibika kutoa hesabu. Kaka anaweza kuwa ndie huyo huyo, si lazima mumnyang'anye. Tofauti ni kwamba atatoa hesabu.

Ila ngoja, usikimbilie kusema mama hana akili. Kusahau si kitu kimoja. Mtu anaweza kusahau kala nini mchana, akamwita mwanawe kwa jina la wifi yake, na bado anajua nyumba ile ni yake, watoto wake ni hawa, na hataki kuuza. Mie nikienda kwa mtu wa hali hiyo nakwenda asubuhi, kabla jua halijapanda sana, wengi wao magharibi wanachanganyikiwa zaidi. Sikai mezani nakaa chini mkekani. Simuulizi maswali ya ndio na siyo kwa sababu atajibu ndio kwa adabu tu. Namuuliza hii nyumba mliijenga vipi? Huyu alieoa juzi mtoto wa nani? Ukiuzwa huu ukumbi wewe utalala wapi? Hilo la mwisho ndo linaniambia mengi. Na daktari lazima amuone na aandike, neno la wakili halitoshi. Kama amejibu vizuri bas anaweza kuutengua ule uwakala mwenyewe au akauthibitisha, mbele ya mashahidi ambao si wa kaka wala si wako.

Na kabla ya yote muandikie kaka, kwa maandishi, bila matusi, kwamba hukubali kuuza mpaka mama apimwe. Mnunuzi akijua kuna mtu kapinga atakua mzito kutoa pesa.

Maskati_Kwetu

Allah akulipe kheri. Nimeandika tayari. Kajibu "sawa". Neno moja tu.

Bint_Gulioni

Sasa mie nije na la mjane. Jirani yetu mumewe kafariki, yeye hajaaliwa kupata mtoto, mume ana watoto wakubwa kwa mke wa kwanza alieachwa zamani. Hata eda haijesha wale watoto washakuja na fundi wa kupima nyumba. Wamemwambia mama wewe una thumuni tu, moja ya nane, thumuni ya nyumba hii ni hicho chumba cha uani, na tukiuza tutakupa pesa yake ukapange. Kapika, kafua, kamuuguza mzee wao mpaka kitandani. Ni kweli ana chumba cha uani?

BiWakili_Ngambo

Eda ya mjane miezi minne na siku kumi anakaa nyumbani kwa mumewe, hapo hakuna fundi wala kipimo, hao watoto wana haraka ya aibu.

Thumuni kweli, kwa sababu mume kaacha watoto, hata kama si wake yeye. Mume angekua hana mtoto kabisa angepata robo. Na wangekua wake wawili wangegawana thumuni hiyo hiyo moja. Lkn thumuni si ya chumba, ni ya mali yote aliyoacha marehemu. Nyumba, shamba kama lipo, pesa benki, ng'ombe, vespa, alichokua akidai watu. Na haigaiwi mpaka yatoke maziko, madeni na wasiya. Sasa muulizeni huyo mama kitu ambacho hakuna anaemuuliza, mahari yako ulipewa yote? Wanawake wa rika lake wengi waliolewa mahari ikatajwa nusu ikabaki. Hiyo ni deni juu ya marehemu, inalipwa kwanza kabla ya mtoto yeyote hajapata chake. Na kama alitia pesa zake kwenye nyumba, mabati, saruji, biashara yake ya maandazi, atafute risiti au watu waliomuona.

Nyumba haiuzwi na watoto peke yao. Afungue mirathi, kwa kadhi au aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wao kazi yao mojawapo ndo hiyo ya mali za marehemu. Asiondoke nyumbani. Nasema tena, asiondoke, hata wakimwambia twende ukapumzike wiki moja kwa bi shangazi, mana akirudi atakuta kufuli mpya.

Jirani_Sebleni

Mie sina suali. Nasema tu kwamba kwenye hizi nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo huku na Limbani kule Pemba, ukikaa na wale wazee barazani wengine wanakwambia mie nina shamba langu mahala fulani, nna michungwa yangu. Watu wanacheka wanaona anapayuka. Nani alishakwenda kuangalia?

BiWakili_Ngambo

Hakuna. Na hiyo ni kazi ningeipenda wanafunzi waifanye, kukaa nao na kuandika. Wengine wanapayuka kweli, wengine ile michungwa ipo na mtu anaila.

Haya mwanafunzi wa Tunguu, njaa. Sikudanganyi, wazee hawalipi, na wale wanaoweza kulipa pesa zao zinashikwa na mtu mwengine. Nimelipwa muhogo, nimelipwa kuku, nimelipwa karafuu kwenye mfuko wa rambo nikaambiwa uza mwenyewe. Kwa iyo na mie nafanya mikataba ya nyumba na viwanja, inanilipia ofisi, na zile za wazee zinakaa juu ya mgongo wa hizo. Sheria moja nimejiwekea na sijaivunja, sichukui kipande cha shamba la mzee kama malipo. Wapo wanaofanya. Unashinda kesi ya eka mbili wakili anachukua moja, sasa umemtetea mzee au umekuja kuwa mtoto wake wa saba?

Njia nyengine ni kuingia kwenye msaada wa kisheria. Sheria yake tunayo tokea 2018, kuna Kituo cha Huduma za Sheria kipo tokea 1992 na wasaidizi wa sheria wao mpaka mashehiani, kuna jumuiya ya wanasheria wanawake ZAFELA, kuna JUWAZA jumuiya ya wazee wenyewe ambao wanajua mambo kuliko sie. Hao wasaidizi wa sheria wa shehiani usiwadharau kwa sababu hawajavaa joho, ndo wanaojua nani kaletwa na nani na gari la nani.

Anza na pencheni, ni shule nzuri. Pencheni Jamii ilianza 2016 elfu ishirini kwa mwezi, sasa ni elfu hamsini, kwa kila mwenye miaka sabini awe alifanya kazi serikalini au alikua anavua pweza. Utakutana na mama ambae hana cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kimeandikwa tarehe ya kubahatisha 1 Januari mwaka fulani, na inaonyesha ana sitini na nane. Hapo utajifunza ushahidi kuliko darasani. Siku ya Mapinduzi ulikua wapi? Akikwambia nilikua na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, piga hesabu kutoka 1964, mtoto mwenyewe kashapita sitini! Halafu unatafuta shahidi wa rika lake, unaandika kiapo, unakwenda ofisi ya usajili, unarudi, unakwenda tena. Kesi ndogo lkn mama atakukumbuka.

Soma hiyo sheria ya 2020 yote, si dakika mbili. Soma na itifaki ya Umoja wa Afrika ya haki za wazee, ilipitishwa 2016 na ikaanza kufanya kazi Novemba 2024. Soma faraidhi vizuri, wakili wa wazee hapa asiyejua mirathi ya kiislamu ni bure. Na jifunze kusikiliza hadithi ndefu bila kuangalia simu, mana jibu la kesi yako liko kwenye hadithi ya harusi ya dadaake, katikati, kwenye sentensi moja tu anataja nani alimpa babaake lile shamba.

Mwanafunzi_Tunguu

Nimeelewa dada. Likizo naweza kuja ofisini kwako hata kubeba mafaili?

BiWakili_Ngambo

Njoo. Mafaili nabeba mwenyewe, wewe utakua unawatoa watoto nje kununua urojo.

Sheha_Mstaafu

Mwanangu hilo la kumkalisha mzee peke yake kwanza nimelipokea. Muhuri wangu pia nimeurudisha serikalini siku nyingi, usiutafute kwenye mafaili yako.

Mpemba_wa_Konde

Jamani mjomba kausoma huu uzi. Kanipigia simu sasa ivi anauliza huyu Mpemba wa Konde ni nani. Nimemwambia Konde ina watu wengi.

BiWakili_Ngambo

Mwambie bibi asitie dole popote mpaka hiyo orodha ya miti iandikwe. Na wewe njoo inboksi leo leo.